Kindle au Kitabu cha Karatasi? Jibu kwa Mwalimu wa Kahawa West

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya upili, naishi Kahawa West. Zamu yangu ya chama imefika na nimetenga shilingi 20,000 za kununua Kindle. Kwenye matatu nasoma riwaya za Kiingereza, kama mbili kwa mwezi. Nyumbani nasoma riwaya na diwani za Kiswahili. Mwaka huu nimeanza shahada ya uzamili ya Kiswahili, kwa hivyo nina PDF chungu nzima za makala. Usiku nikisoma kwa simu kichwa kinaniuma. Nina miaka 44. Kijana wangu yuko Gredi ya 4 na anapenda sana hadithi. Tumehama nyumba na vitabu bado vimo kwenye katoni, vingine vimeshaliwa na mchwa. Riwaya mpya madukani nainunua kwa kama 1,500, za mtumba mjini kwa 200. Saiba ya hapa kwetu inachapisha kwa shilingi 5 ukurasa. Je, ninunue hicho kifaa au niendelee na karatasi?"

Mwalimu, hongera kwa zamu ya chama. Jibu nalitoa mapema ili usihangaike kulitafuta huko chini: kwa usomaji ulionielezea, usinunue Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya dijitali, mwaka huu. Kifaa chenyewe hakina ubaya. Mimi ni mkutubi, ninacho, nalala nacho kando ya mto, na wapo watu niliowasukuma wakinunue hata walipokuwa wakisitasita. Lakini barua yako inataja usomaji wa aina nne, na kifaa cha elfu ishirini kitakufaa sawasawa katika aina moja tu, ile ya riwaya za Kiingereza kwenye matatu. Kwingine kote kitakurudisha kwenye karatasi, na pesa zitakuwa zimeshakwenda.

Tuanze na kichwa kinachouma, kwa sababu nashuku ndicho kinachokupeleka dukani.

Ni kweli kwamba simu na Kindle ni vitu viwili tofauti. Skrini ya simu inawaka yenyewe na kukurushia mwanga usoni. Skrini ya Kindle, ya Kobo na ya ndugu zao ni ya wino wa kielektroniki. Ndani yake mna vidonge vidogo mno, na kila kidonge kina chembe nyeusi na nyeupe zinazoelea kwenye umajimaji. Chembe nyeusi zina chaji ya aina moja na nyeupe zina chaji ya aina nyingine, kwa hivyo umeme ukipita, hizi zinapanda na zile zinashuka. Zilizopanda ndizo unazoziona: nyeusi zikawa herufi, nyeupe zikawa ukurasa. Zikishafika mahali pake hutulia hapo bila kuhitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu betri hudumu wiki kadhaa, ingawa ujue watengenezaji hupiga hesabu ya nusu saa ya kusoma kwa siku. Ukisoma saa mbili, gawa mwenyewe. Taa ya kifaa imekaa pembezoni mwa skrini na inamulika ukurasa, haikumuliki wewe. Na ukitoka nje saa saba mchana, jua lile linalofanya simu isionekane kitu ndilo linaloufanya ukurasa huu usomeke vizuri zaidi.

Upande wa usingizi pia kuna tofauti. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2015 uliwachukua watu 12, wakasoma kwenye tableti inayowaka kabla ya kulala, kisha usiku mwingine wakasoma kitabu cha karatasi. Walipotumia tableti, homoni ya melatonini inayoandaa mwili kulala ilishuka, na walichelewa kushikwa na usingizi kwa karibu dakika 10. Watu 12 ni wachache, na kifaa kilichopimwa kilikuwa tableti, hakikuwa cha wino wa kielektroniki. Hata hivyo, kama lazima usome usiku, simu ndiyo ya kwanza kuiweka mbali.

Sasa nikuulize jambo moja. Una miaka 44, na unaumwa kichwa jioni ukisoma kitu cha karibu. Umepimwa macho lini? Kuanzia kama miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na kazi ya kuona vitu vya karibu inakuwa nzito. Hilo linampata kila mtu, hata asiyewahi kushika simu. Mtu anasogeza kitabu mbali, anakunja uso, anatafuta taa kali zaidi, kisha analaumu skrini. Kindle itakuruhusu kukuza herufi na pengine kichwa kitapoa. Lakini haitakusaidia kusahihisha insha za wanafunzi wako, ambazo nadhani ni kurasa nyingi kuliko riwaya zote unazosoma kwa mwaka. Basi shilingi za kwanza za chama zipeleke kwa daktari wa macho. Ukipewa miwani ya kusomea na kichwa kikaacha kuuma, sababu yako kubwa ya kununua kifaa itakuwa imeondoka.

Pesa nazo tuzihesabu, kwa sababu wengi hununua Kindle wakidhani wanaweka akiba. Riwaya mpya ya Kiingereza kutoka kwa mchapishaji mkubwa, ikiwa nakala ya dijitali, mara nyingi huuzwa dola 10 hadi 14. Kwa dola ya karibu shilingi 130, hiyo ni kama 1,300 hadi 1,800. Wewe unainunua ya karatasi kwa 1,500. Tuchukue hali nzuri kabisa, kwamba kila kitabu kinakuokolea shilingi 200. Ili kurudisha elfu ishirini unahitaji riwaya 100, na kwa mwendo wako wa mbili kwa mwezi hiyo ni zaidi ya miaka minne. Hapo sijagusa zile za mtumba. Kitabu cha shilingi 200 kutoka kwa wauzaji wa inama mjini, wale wanaotandaza vitabu chini, ni nadra duka la mtandaoni kukifikia, na ukimaliza unamgawia mwenzako wa stafurumu.

Hesabu hii inageuka kwa mtu anayesoma vitabu vya zamani vilivyotoka kwenye hakimiliki. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, peke yake ina zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, vingi vikiwa vya Kiingereza. Mtu wa aina hiyo Kindle inamlipa haraka. Wewe hukuniambia kwamba ndiwe.

(Usiniambie kwamba kuna PDF za riwaya mpya zinazozunguka Telegram. Najua zipo. Mwandishi wake hapati hata senti, sawa na zile nakala za kufotokopi zinazotandazwa barabarani zikiwa na jalada lililofifia na kurasa zilizopinda. Mwalimu wa fasihi akianza kula huko, waandishi watakula wapi?)

Kiswahili ndicho kinachoniuma zaidi. Fanya jaribio dogo jioni hii. Andika vitabu kumi vya Kiswahili ulivyosoma karibuni na kumi unavyotaka kusoma, kisha uvitafute kimoja kimoja kwenye duka la Kindle na la Kobo. Utapata vichache, na kati ya hivyo vingine vitakuwa vya kujifunzia lugha, vilivyoandikiwa wageni. Wachapishaji wetu wa Nairobi na wa Dar es Salaam wamejenga biashara yao juu ya kitabu cha karatasi kinachopita shuleni, na riwaya za watu wazima zinabebwa na mkondo huohuo. Hata kifaa chenyewe hakikujengwa kwa lugha hii. Ukibonyeza neno la Kiingereza, maana yake inajitokeza hapo hapo. Ukibonyeza neno gumu la Kiswahili, kamusi zilizomo hazina la kukwambia. Kamusi yako ya karatasi itabaki mezani.

Diwani ndizo zinazoharibika kabisa. Chukua mishororo hii miwili, nimeitunga sasa hivi kwa mfano tu, usinisahihishie arudhi:

Kitabu hiki cha kale, changu tangu utotoni,
Kina madoa ya wale, waliokisoma ndani.

Ukwapi (kipande cha kwanza) mizani nane, yaani silabi nane, utao (cha pili) mizani nane, vina vya kati vimekaa chini ya vina vya kati, na jicho linashuka navyo bila kufikiri. Sasa utie kwenye skrini ya inchi 6 na ukuze herufi kama mtu mwenye macho ya miaka 44:

Kitabu hiki cha kale, changu tangu
utotoni,
Kina madoa ya wale, waliokisoma
ndani.

Kwa mwendo huo ubeti wa mishororo minne unakuwa wa mistari minane iliyovunjika popote skrini ilipoishia. Vina vya mwisho vimetupwa peke yake kushoto, na ile "utotoni" sasa inaonekana kama mshororo mzima. Ukipunguza herufi, shairi linarudi mahali pake na kichwa kinaanza tena kuuma. Ukigeuza kifaa kilale upande, mshororo unaenea lakini ubeti mmoja na nusu ndio unaoingia kwa mara moja. Utenzi una nafuu, kwa kuwa vipande vyake ni vifupi na vinaingia bila shida. Lakini diwani zetu nyingi zimejaa tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, na tarbia haisomeki hivi. Ushairi uache kwenye karatasi, na hilo hata ukinipa kifaa cha bure sitalibadilisha.

Nije kwenye makala za uzamili, ambako nilidhani kifaa kingekutetea, na ambako watu wengi hupata mshtuko.

PDF si kitabu cha dijitali kwa maana ya EPUB. EPUB ni maandishi yanayotiririka: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya. PDF ni picha ya ukurasa ambao tayari umepangwa, mara nyingi kwa kipimo cha A4. Ukurasa wa A4 una zaidi ya inchi 14 toka kona hadi kona. Ukiubana kwenye skrini ya inchi 6, kila kitu kinapungua hadi chini ya nusu, na herufi za pointi 11 zinakuwa chini ya pointi 5. Hizo ndizo herufi za masharti nyuma ya tiketi. Unaanza kukuza, unasogeza kushoto, unasogeza kulia, na kwa kuwa wino wa kielektroniki ni mzito kubadilika, kila ukisogeza skrini inapepesa kidogo kabla ya kutulia. Makala yenye safu mbili inachosha zaidi: unashuka safu ya kwanza, unapanda tena juu, unashuka ya pili, na kufikia ukurasa wa nne umeshasahau hoja ilianzia wapi.

Kuna njia za kupunguza adha. Ukiituma PDF kwa anwani ya barua pepe ya Kindle yako na kuandika "convert" mahali pa kichwa cha barua, inajaribu kuigeuza iwe maandishi yanayotiririka. Kwa makala mpya yenye safu moja inafanya kazi vizuri, ingawa majedwali yanavurugika na tanbihi zinaibukia katikati ya aya. Programu ya bure ya Calibre kwenye kompyuta inafanya jambo kama hilo. Na majarida mengi ya mtandaoni siku hizi yanatoa makala hiyohiyo kama EPUB kando ya PDF, kwa hivyo tazama vizuri kabla ya kupakua.

Lakini wewe unasoma Kiswahili. Makala zako nyingi zitakuwa za majarida ya zamani, matoleo ya Mulika na Kiswahili kutoka Dar es Salaam, tasnifu zilizopigwa taipureta, sura za vitabu ambazo mtu alizipiga picha akiwa maktabani, kidole gumba kikionekana pembeni. Hizo ni picha tupu. Hakuna maandishi ndani yake ya kutiririka, na kifaa kidogo hakiwezi kuzisaidia. Zinataka skrini kubwa, ya inchi 10 au zaidi, na hizo ziko kwenye bei nyingine. Kindle Scribe ya inchi 10.2 ilipotoka 2022 ilikuwa karibu dola 340 huko Marekani, yaani zaidi ya shilingi 40,000 kabla hujalipa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa hapa. Kwa ufupi, kifaa unachoweza kukimudu hakiwezi kazi uliyo nayo, na kinachoiweza hukimudu.

Hata ungekimudu, makala za mtihani bado ningekwambia uzichapishe zile za msingi. Mwaka 2018 watafiti wanne walikusanya tafiti 54 zilizofanyika kati ya 2000 na 2017, zikiwa na washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha ufahamu wa waliosoma karatasi na waliosoma skrini. Karatasi ilishinda. Haikushinda kwa mbali, lakini ilishinda wazi kwenye maandishi ya maarifa, na zaidi pale msomaji alipokuwa na muda mfupi. Kwenye maandishi ya kisimulizi tofauti haikuonekana. Mwaka uliofuata Anne Mangen wa Norway na wenzake waliwapa vijana 50 hadithi ndefu ya upelelezi, nusu kwa Kindle, nusu kwa kitabu. Kwa mengi waliambulia sawa, ila waliosoma kwa Kindle walikosea zaidi kupanga tukio lipi lilitangulia lipi. Kwenye kitabu mkono wa kushoto unanenepa na wa kulia unakonda, ndivyo unavyojua uko wapi. Kifaa kinakupa asilimia tu pale chini.

Mimi nazitafsiri tafiti hizo hivi: riwaya ya matatu isome popote, lakini sura ya nadharia utakayoulizwa na wahadhiri wako isome ukiwa na kalamu mkononi. Kwa saiba yako ya shilingi 5, makala ya kurasa 25 ni shilingi 125. Makala 20 za msingi ni 2,500. Waambie wachapishe pande zote mbili za karatasi, ubane pembeni, uandike ubishi wako pembezoni. Zile nyingine ambazo unazipitia tu kuona kama zinakuhusu, zisome kwenye kompyuta ya kazini ukae nazo mbali kidogo.

Kuhusu kijana wako sina maneno mengi. Mpe karatasi. Picha za rangi kwenye Kindle ya kawaida zinakuwa kijivu, vifaa vya rangi vipo lakini ni ghali zaidi, na kifaa kimoja nyumbani hakisomwi na watu wawili kwa wakati mmoja. Nakuhakikishia ni wewe utakayenyang'anywa. Tena mtoto wa Gredi ya 4 anamaliza kitabu kwa siku mbili, kwa hivyo usishindane naye kwa kununua. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ina Maktaba Kuu kule Upper Hill na tawi la Buruburu. Za kaunti zipo Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk. Toka naye Jumamosi moja.

Stima ikipotea? Ndiyo, hapo Kindle inang'aa. Usiku wa Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipozama gizani, mwenye kifaa chenye taa alisoma bila wasiwasi. Lakini mishumaa na taa za sola tunazo, na giza la mara moja moja halistahili elfu ishirini.

Jambo la umiliki linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu watu hulipuuza mpaka liwafike. Ukinunua kitabu cha karatasi ni chako: unakiazima, unakiuza, unamwachia mwanao. Ukinunua cha Kindle umenunua ruhusa ya kukisoma kupitia akaunti yako. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za 1984 na Animal Farm za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokuwa wamezilipia, kwa kuwa aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza Marekani. Wateja walirudishiwa pesa, na kampuni baadaye iliomba radhi, lakini mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliyekuwa ameandika maelezo yake kwa kazi ya darasa alibaki na maelezo yasiyo na kitabu. Microsoft nayo ilipofunga duka lake la vitabu 2019, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka, na hapo pia wateja wakarudishiwa pesa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua hadi kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm ya Fortunatus Kawegere, ile ya 1967, kama ipo kwenye katoni zako, hakuna kampuni itakayokuja Kahawa West kuichukua. Mchwa labda, na wanafunzi wanaoazima bila kurudisha.

Kuna pia suala la mipaka. Haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa nchi, kwa hivyo kitabu unachokiona kwenye duka la Marekani huenda ukajibiwa kwamba mahali ulipo hakiuzwi. Duka unalilipa kwa kadi. M-Pesa ina kadi yake ya Visa ya mtandaoni tangu 2022, kwa hivyo malipo si kikwazo tena kama zamani.

Na matatu, Mwalimu. Foleni ya Thika Road unaijua kuliko mimi. Aliye nje ya dirisha hajui tofauti ya Kindle na tableti, na hatakuomba umweleze. Riwaya ya karatasi iliyokunjika kona haijawahi kumvutia mtu. Ukija kununua kifaa siku moja, kivishe jalada la kitambaa la rangi isiyopiga kelele na ukae upande wa njia.

Kwa zile katoni: zitoe chini leo, usingoje. Katoni ni chakula cha mchwa, na sakafu ndiyo njia yao. Elfu ishirini yako inatosha rafu ya mbao iliyopakwa dawa, na ziada itabaki. Iache umbali wa kama kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite na uone vijia vya udongo vikianza kupanda. Usifunge vitabu kwenye mifuko ya nailoni ukidhani unavikinga. Unafungia unyevu ndani na ukungu unakuja. Vitabu vilivyoguswa na mchwa vikung'utie nje juani, uvikague kurasa kwa kurasa, na visirudi pamoja na vizima kabla ya wiki mbili tatu kupita. Majani makavu ya mwarobaini nyuma ya rafu wapo wanaoyaamini. Hayadhuru, lakini yasikufanye uache kukagua.

Ni nini kingebadilisha jibu langu? Ukihamia kazi ya mbali na safari ya matatu ikawa saa tatu kila siku. Ukijikuta unasoma riwaya sita za Kiingereza kwa mwezi, au umezama kwenye vitabu vya karne ya 19 vya bure. Au daktari wa macho akikwambia kwamba hata kwa miwani utahitaji herufi kubwa daima. Kwa hilo la mwisho ningekupeleka dukani mwenyewe.

Na kama moyo umekataa kabisa kunisikia, basi nenda hivi. Tia kwenye flashi makala tatu zako halisi: moja mpya ya safu moja, moja ya safu mbili, moja kongwe iliyopigwa picha. Mwambie muuzaji azifungue kwenye kifaa chenyewe, usikubali kuonyeshwa kitabu chake cha mfano, maana hicho siku zote kinapendeza. Kama kifaa ni cha mtumba, kiunganishe na waifai ya duka na ukisajili kwa akaunti yako kabla ya kulipa. Kilichoripotiwa kupotea kinaweza kukugomea hapo hapo, na ni heri kikugomee ungali na pesa. Fungua ukurasa mweupe, kisha mweusi, utafute madoa na mistari. Skrini hizi hupasuka kwa kukaliwa tu ndani ya mkoba, na mafundi wengi wa simu hawana za kubadilishia. Kisha kaa kwenye kiti cha mteja usome ile makala kongwe kurasa tano, pale pale, bila haraka. Ukimaliza ya tano bila kukunja uso, lipa.